Vidukari kwenye mboga za majani: geuza jani kwanza

Ukiona majani ya sukuma wiki au kabichi yanajikunja na kiini kimedumaa, vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mmea, wamekwisha kuzaana vya kutosha. Jike hahitaji dume. Kwenye joto huzaa watoto hai, nao huanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Kwa hiyo kagua shamba mara mbili kwa wiki, ukigeuza majani na kufunua kiini. Sisimizi wakipanda na kushuka shinani, chunguza mmea huo: wanafuata umajimaji mtamu wa vidukari, na huwalinda.

Wakiwa kwenye mimea michache, waminye kwa vidole au ondoa jani lililojaa. Wakisambaa, changanya mililita 5 hadi 10 za sabuni ya maji kwa lita moja ya maji. Sabuni humuua mdudu aliyelowa tu. Anayepulizia kutoka juu huwakuta wazima kesho yake, maana wengi wako chini ya jani, na wale wa kabichi wamejipaka nta ya kijivu inayoteremsha maji. Elekeza bomba juu, lowanisha chini ya majani jua likishapoa, kisha rudia baada ya siku 5 hadi 7. Jaribu kwanza kwenye mimea michache, kwani sabuni kali huunguza majani.

Kabla ya kupulizia chochote, tazama nani mwingine yuko kwenye jani. Inasikitisha kuona wakulima wakiua viluwiluwi vya mdudu kibibi, vyeusi vyenye madoa ya rangi ya chungwa, wakidhani ni waharibifu. Kumbe hula vidukari kutwa nzima. Vidukari waliovimba na kukauka rangi ya kahawia wameliwa kwa ndani na mtoto wa nyigu mdogo. Ukiwaona wengi wa namna hiyo, subiri siku chache. Sumu inayoua kila mdudu huwamaliza marafiki hawa, na vidukari hurudi wengi kuliko mwanzo.

Punguza pia mbolea ya urea: majani laini yaliyojaa maji huwavutia. Mashina yaliyokwisha kuvunwa yang'oe, yasiwe makao yao.

Ukilazimika kutumia kiuatilifu, kiwe kimesajiliwa kwa mboga hiyo. Soma kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Chuma kwanza majani yaliyokomaa, ndipo upulizie, kisha usichume tena hadi siku hizo zitimie, hata mnunuzi akiwa amesimama shambani.