Kukausha ukuta wa mgodi wa wazi kabla haujaporomoka

Majuzi nilikaa na mhandisi kijana ambaye ukuta mmoja wa shimo lake ulikuwa unasogea milimita kadhaa kila siku. Pampu zote zilikuwa zinavuta na sakafu ya shimo ilikuwa kavu, lakini ukuta haukutulia. Alikuwa anapima maji kwa macho, na hilo ni kosa ambalo hata mimi nimelifanya.

Kinachoangusha ukuta ni shinikizo la maji yaliyonasa kwenye nyufa za mwamba. Kila mita moja ya maji yaliyosimama hukandamiza kwa takriban kilopaskali 10. Yakisimama mita 30 ndani ya ufa, kilopaskali 300 zinasukuma pande mbili za ufa zisishikane, msuguano unapungua na mwamba unaanza kuteleza. Mwamba wenye nyufa nyembamba unaweza kuvuja matone tu na bado ukabeba shinikizo lote hilo.

1. Zuia maji ya juu

Chimba mtaro nyuma ya ukingo, wenye mteremko wa kupeleka maji mbali. Nyufa zilizofunguka juu zizibe kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa. Maliza kabla ya mvua.

2. Chora ramani ya nyufa

Mjiolojia apite kila ngazi iliyokatwa kwenye ukuta akipima mwelekeo na mlalo wa nyufa, hasa zinazolalia upande wa shimo. Mtembee alfajiri, kwani jua likishapanda linakausha mabaka ya unyevu mnayoyatafuta.

3. Weka pizomita (usiharakishe hapa)

Pizomita ni kifaa cha kupima shinikizo la maji ndani ya mwamba. Mimi hutumia zenye kihisi cha waya unaotetema, zilizozikwa kwenye saruji moja kwa moja. Pizomita ya bomba lenye matundu, ambalo maji hupanda ndani yake, inafaa kwenye mwamba unaopitisha maji kwa urahisi. Kwenye mwamba unaobana maji inachelewa mno kuonyesha mabadiliko.

Loweka kichujio cha kihisi mpaka hewa yote itoke, kisha kiache kihisi ndani ya ndoo ya maji, kivulini, mpaka joto lake litulie. Hapo ndipo uchukue usomaji wa sifuri, yaani namba ya kihisi kabla hakijabeba shinikizo la maji, pamoja na joto na shinikizo la hewa la wakati huo. Niliwahi kuuchukua kihisi kikiwa kimetoka kwenye bodi la gari juani. Siku mbili nzima nilihangaika na namba zisizoeleweka, na kihisi kilikuwa tayari kimezikwa, hakitoki tena.

Tangu siku hiyo sizamishi kihisi bila kukijaribu. Kishushe kwenye shimo lenye maji, simama kikiwa mita 10 chini ya uso wa maji, usome. Lazima upate karibu kilopaskali 98. Usipopata, kitoe. Kumbuka pia kwamba kwa vihisi vingi vya aina hii namba ghafi hushuka shinikizo linapopanda; wageni wa kazi hii husherehekea ukuta unaokauka kumbe unajaa.

Saruji ichanganywe na maji kwanza, bentonaiti (udongo laini unaovimba ukilowa) ifuate mwishoni mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji. Ukianza na bentonaiti, uwiano wa maji na saruji utakuponyoka. Sukuma mchanganyiko kwa bomba kuanzia chini ya shimo kwenda juu. Ukiumwaga kutoka juu utaacha mapengo, maji ya tabaka moja yatashuka hadi tabaka jingine, na usomaji wako hautakuwa wa mahali popote.

Weka vihisi viwili au vitatu kwa vina tofauti. Kimoja hakitakuambia maji yanaelekea wapi.

4. Toa maji

Mwamba ukipitisha maji vizuri, chimba visima vya pampu nje ya ukingo, miezi mingi kabla ya uchimbaji kufika kina hicho. Mwamba ukibana, choronga mashimo ya mlalo kutoka kwenye uso wa ukuta, yakiinuka nyuzi 3 hadi 5 kuelekea ndani ili maji yajitiririkie yenyewe. Yakate nyufa ulizochora. Weka bomba lenye matundu, lakini mita chache za mdomoni ziwe bomba zima lililozibwa pembeni, kisha yaongoze maji hadi mtaroni. Maji yanayomwagika kwenye ngazi yanarudi ardhini.

Shimo likipunguza maji baada ya wiki chache, usiseme limekufa kabla ya kutazama pizomita. Huenda limemaliza kazi yake.

5. Pima mwendo

Rada ikipatikana, itumie. Prizimu, yaani vioo vinavyofungwa ukutani ili kupimwa kutoka mbali, peke yake hazionyeshi kinachotokea katikati yake. Tazama kasi: milimita 5 leo, 8 kesho, 13 keshokutwa, hapo toa watu na mashine. Tarehe 10 Aprili 2013 ukuta wa mgodi wa Bingham Canyon, Utah, uliporomoka vibaya bila kumjeruhi mtu, kwa sababu vipimo vilikuwa vimeonya na watu walikuwa wameshaondolewa.

Kwa yule kijana, tulichoronga mashimo manne ya mlalo. Shinikizo kwenye pizomita ya kati lilianza kushuka siku ya tatu, na mwendo wa ukuta ukapungua wiki iliyofuata. Sasa anachoronga mengine matano upande wa mashariki, ambako shinikizo kwenye kihisi cha chini kabisa bado halijashuka.