Wiki tatu bila duka, mfereji wala stima: maandalizi ya nyumba, kutoka Nakuru hadi Kisumu

Hesabu zote hapa ni za watu 5 kwa siku 21. Siku hizo hazikuokotwa hewani. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, barabara za kati ya Nakuru, Eldoret na Kisumu zilizibwa, petroli ikaadimika magharibi yote hadi Uganda, kadi za simu zikawa za kutafutwa kwa tochi, na mapatano hayakutiwa sahihi hadi tarehe 28 Februari 2008. Katikati ya kipindi hicho kulikuwa na siku ambazo malori yalipita na maduka yakafunguliwa saa chache. Mwenye akiba ya wiki tatu aliweza kungoja siku kama hiyo. Mwenye akiba ya siku mbili alitoka siku yoyote, hata iliyokuwa mbaya.

Wengi wakiwaza siku hizo huanza na silaha. Anza na maji. Mtoto anayeharisha anaweza kuisha kwa siku moja, na hilo hutokea nyumba nyingi kuliko uvamizi.

Hatua ya 1: Maji

Kunywa na kupika kunataka lita 5 kwa mtu kwa siku. Ukiongeza kunawa mikono na vyombo, weka 7. Watu 5 kwa siku 21 ni lita 735: tangi moja la lita 1,000, au jerikeni 37 za lita 20. Anayekaa chumba cha kupanga hana pa kuweka jerikeni 37, na asijidanganye. Aweke 5 zilizojaa, yaani siku 4 za kunywa na kupika, kisha ajifunze kusafisha maji atakayoyapata.

Mwenye paa la mabati ana kisima juu ya kichwa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Paa la mita 6 kwa 5 likipata mvua ya milimita 20, ukitoa inayomwagika na kukauka, hubaki kama lita 480. Mfereji wa paa uteremke sentimita 1 kwa kila mita; ukiwa sawasawa maji hutuama na mbu huzaana. Maji ya mwanzo yana vumbi na kinyesi cha ndege, kwa hiyo yasiingie tangini. Kabla ya tangi, simamisha paipu ya plastiki ya inchi 4 yenye urefu wa mita 2 na nusu, imezibwa chini kwa kifuniko cha kufungua. Hiyo hubeba karibu lita 20 za uchafu wa kwanza, ikijaa ndipo maji safi yanapita juu yake kwenda tangini. Kosa la kila mahali ni kusahau kuimwaga mvua ikiisha. Ikibaki imejaa, mvua ya pili inaingia na uchafu wake wote.

Chanzo kingine chochote kisafishwe. Maji ya tope yachujwe kwanza kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara 4, kisha yatulie hadi tope lishuke, umimine ya juu. Klorini huishia kwenye tope kabla haijafika kwa vijidudu. Ndiyo maana watu hutia dawa na bado wanaugua. Ukiwa na WaterGuard, ile klorini ya kutibu maji, fuata kipimo cha kibandiko. Ukiwa na jiki (klorini ya kufulia) isiyo na manukato, ya asilimia 3.5, tumia sirinji ya dawa: mililita 1 na nusu kwa lita 20 za maji meupe, mililita 3 kama bado yana ukungu. Koroga, funika, ngoja dakika 30. Yakifunguliwa yawe na harufu hafifu ya klorini. Yasiponuka, rudia kipimo na ungoje tena dakika 15. Yakikosa kunuka hata hapo, tafuta maji mengine.

Kuchemsha hakukosei, ila kunakula moto. Yakitokota kwelikweli, dakika 1 inatosha Kisumu na hata Nakuru. Ukiwa juu ya mita 2,000, kama Molo, acha dakika 3. Kama kuni zimeisha na jua lipo, jaza chupa safi za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita 2, uzilaze juu ya bati saa 6. Siku za mawingu, siku 2 nzima.

Kuna maji mawili ya huku kwetu ambayo mbinu hizi haziyawezi. La kwanza ni maji ya Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, yanapogeuka kijani kama rangi iliyomwagwa. Ule mwani una aina zenye sumu, na sumu hiyo haifi kwa kuchemshwa, wala klorini ya kipimo hiki haiaminiki kuimaliza. Usiyanywe, usimpe mbuzi. La pili ni maji ya visima virefu vya Nakuru na Bonde la Ufa kwa jumla, ambayo mengi yana floraidi nyingi, ile inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Ukiyachemsha, maji hupungua na floraidi hubaki, hivyo unaizidisha. Wiki tatu hazitamvunja mtu mzima mifupa, lakini maji ya mvua wape watoto kwanza. Chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe huiondoa floraidi, kama mkaa wenyewe unabadilishwa kwa wakati.

Maji ya ziwa ya kuogea yaache kwenye ndoo iliyofunikwa siku nzima, au 2 ukiweza. Viluwiluwi vya kichocho hufa vikikosa mtu wa kumwingia.

Hatua ya 2: Nafaka na moto

Mtu mzima anahitaji kama kalori 2,100 kwa siku. Gramu 400 za unga wa mahindi, 80 za maharagwe, 30 za mafuta, na chumvi kidogo hutoa karibu 2,000. Kwa watu 5 siku 21: kilo 42 za mahindi, kilo 8 na nusu za maharagwe, lita 3 na nusu za mafuta, nusu kilo ya chumvi. Ongeza njugu na omena iliyokauka hadi ikatike inapokunjwa. Inayopinda bado ina maji na itaoza.

Weka mahindi mazima zaidi ya unga. Unga huchacha upesi, mahindi makavu hukaa. Lakini kisiagi cha stima kitakufa pamoja na stima, kwa hiyo saga nusu mapema, na nusu ilinde kwa kujua ni nani mtaani ana kisiagi cha dizeli. Pasipo kisiagi, pika githeri au nyoyo, yaani mahindi mazima na maharagwe.

Ukavu upimwe kwa chumvi. Tia konzi ya mahindi na kijiko cha chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa dakika 2 au 3, ngoja robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi mno kuhifadhiwa, yarudi juani juu ya turubai, wala si juu ya udongo. Mahindi yenye unyevu huota kuvu wa aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125, hasa Ukambani. Yakishakauka, tia kwenye gunia lenye mifuko miwili ya plastiki ndani. Jaza, kandamiza hewa yote itoke, sokota mdomo wa kila mfuko, ukunje, ufunge kwa mpira. Dumuzi waliomo watakosa hewa na kufa bila dawa. Ukifungua kila siku kuchota gorogoro moja, umewapa hewa tena. Gawa akiba kwenye mifuko midogo, ufungue mmoja baada ya mwingine.

Maharagwe yaloweke usiku, umwage maji hayo. Yachemshe yakitokota dakika 30, kisha uhamishe sufuria na kifuniko chake ndani ya kikapu kilichojazwa blanketi kuukuu, saa 4. Utaokoa zaidi ya nusu ya mkaa. Usiruke zile dakika 30, hasa kwa maharagwe mekundu: yakipashwa moto mdogo tu yanabaki na sumu inayotapisha. Na jiko la mkaa lisilale ndani na watu. Gesi yake haina harufu.

Hatua ya 3: Panga na kisu

Panga ndilo chombo kitakachofanya kazi nyingi kuliko vyote: kuni, ua, shimo la choo, migomba. Ukilinunua soko la Kibuye, Kisumu, au kwa fundi yeyote wa jua kali, shika mpini, weka ncha kwenye ubao na upinde bapa kidogo. Likirudi kunyooka ni chuma kizuri. Likibaki limepinda, rudisha. Tazama kama chuma kinapita mpini wote hadi mwisho, na kama ribiti ni 3. Lenye chuma cha nusu mpini hutoka mkononi likiwa angani.

Panga jipya huja na bega nene na makali ya kudanganya. Utahitaji tupa bapa ya inchi 10 yenye mpini wake, kinoo cha pande mbili, na glavu ya ngozi. Libane kwenye jiliwa au kwa mbao mbili na klempu, makali yakitazama nje.

Pembe ni nyuzi 20 hadi 25 kila upande. Huna kipimo? Kunja kona ya karatasi katikati, ni 45. Kunja tena, ni 22 na nusu. Simamisha kona hiyo kando ya bapa, ulaze tupa kuifuata. Paka makali wino wa makapeni (kalamu nene ya alama) uone tupa inagusa wapi: wino ukifutika juu tu, umelaza mno, ukifutika ukingoni tu, umesimamisha mno.

Sukuma tupa mbele, ukitoka mgongoni kwenda kwenye makali, huku ukiihamisha kutoka upande wa mpini hadi nchani. Inua unaporudi. Tupa ikiburutwa nyuma hufa meno. Piga mara 10 upande mmoja, 10 wa pili, hadi uguse kwa kidole upande usiopigwa na kusikia ukwaru mwembamba wa chuma kutoka mwanzo hadi mwisho. Huo ndio ushahidi kwamba pande mbili zimekutana. Pasipo na ukwaru, bado. Sasa chukua kinoo chenye maji, upande wa kukwaruza kisha upande laini, ukipunguza mkono kila mara, mpaka ukwaru ukatike. Malizia kwa kuburuta makali kinyumenyume juu ya mkanda wa ngozi. Sentimita 10 zinazopakana na mpini ziache butu. Ndipo kidole huangukia mkono ukiteleza.

Usilipeleke kwenye mashine ya kusagia ya welda. Cheche ni nzuri kutazama, lakini makali yakigeuka samawati chuma kimelainika, na kila utakachokipiga kitayakunja. Dawa ni kuyasaga yote hayo kwa tupa hadi ufikie chuma kizima. Kosa la pili ni kulichonga jembamba kama kisu cha jikoni: likikutana na fundo la mti linamegeka.

Baada ya kazi, futa utomvu, kausha, paka mafuta mepesi ya cherehani. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi. Ribiti ikilegea, weka upande mmoja juu ya chuma kizito, gonga wa pili kwa nyundo ndogo. Ala shona kwa kipande cha tairi na waya.

Kwa kisu cha jikoni kinoo peke yake kinatosha, pembe ndogo zaidi, kama nyuzi 15 hadi 20.

Panga libaki shambani na nyumbani. Sheria ya Kenya inakataza kutembea hadharani na silaha bila sababu halali, na siku za ghasia askari hatauliza kama ulikuwa unaenda kukata nyasi. Jirani naye akikuona unalinoa barazani jioni ya siku kama hizo, hofu yake itaondoka na urafiki wa miaka. Noa mchana, noa mapema, weka ndani.

Kuhusu bunduki

Haimo kwenye orodha hii. Raia wa Kenya hupata bunduki kwa leseni ya Bodi ya Leseni za Silaha peke yake, chini ya Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, na risasi pia hufuata leseni hiyo. Isiyo na leseni ni kifungo, na habari zake zikivuja huvuta majambazi na polisi mlango mmoja. Pesa hizo nunua tangi. Mwenye leseni tayari aifungie kwenye sefu, na funguo asimpe mtu.

Hatua ya 4: Jeraha, kuhara, pesa

Panga lililonolewa vizuri litakata mtu. Gandamiza jeraha kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia, kisha osha kwa sabuni na maji mengi yaliyotibiwa. Jeraha chafu lisishonwe nyumbani. Lifunike, libadilishwe bandeji kila siku. Chanjo ya pepopunda ipatikane sasa, zahanati zikiwa wazi.

Kwa kuhara: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto, kwa hiyo onja: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Dawa za presha, sukari na ARV ziombwe za mwezi mmoja zaidi.

Mtandao ukianguka, M-Pesa imeanguka nao. Weka noti za 50, 100 na 200; siku hizo hakuna chenji. Vitambulisho, hati za shamba na vyeti vya watoto vitiwe kwenye mfuko mmoja wa plastiki unaobebeka kwa mkono mmoja.

Kila miezi 6 jiki ibadilishwe, maana joto la Kisumu huila nguvu hata chupa ikiwa imefungwa. Mahindi yaliwe na kurudishwa kila baada ya mavuno, na jerikeni zioshwe kwa jiki kabla ya kujazwa upya.