Kiti cha Kukunja cha Kambini: Anza Kukikagua Miguuni

Kazi yangu hapa Ngamiani, Tanga, ni turubai. Nashona mahema, vifuniko vya mizigo ya malori, na viti vya kukunja vya watu wanaokwenda kulala Ushongo, Saadani au kule juu Amani. Kitambaa ndicho kinachonilisha, lakini mteja akiniuliza anunue kiti gani, namwambia akipindue kwanza aangalie miguu. Rangi na kimfuko cha chupa vitamsubiri.

Viti vingi vya madukani vina miguu minne myembamba yenye vifuniko vidogo vya plastiki. Juu ya sakafu ya duka vinatulia vizuri kabisa. Vipeleke ufukweni, kwenye ule mchanga mkavu ambao maji hayaufikii, uone. Uzito wote wa mtu unashuka kwenye ncha nne, mguu mmoja unazama kuliko wenzake, kiti kinakaa upande, na kila anayekaa anageuka kuwasikiliza wenzake huku bomba likijinyonganyonga. Hapo ndipo maungio yanapokufa. Ukiweza, chukua kiti ambacho miguu yake imeunganishwa chini kwa bomba la kulala, kushoto na kulia, maana bomba hilo linalalia mchanga badala ya kuuchoma. Ukikosa, tafuta chenye nyayo pana kama kiganja. Na kama tayari unacho cha ncha, mwombe seremala akukatie vibao vinne, kila kimoja akichimbe kidogo katikati mguu uingie usiteleze. Gharama yake ni ndogo na vinakaa ndani ya mfuko uleule wa kiti.

Sasa maungio. Kunja na kukunjua kiti mara kadhaa mbele ya muuzaji, kisha kishike sehemu ya kukalia ukitikise. Kikichezacheza kikiwa kipya, kirudishe. Tazama kila ribiti, yaani kile kipini kinachoshikanisha bomba na bomba: pale inapopita, bomba lisiwe limebonyea.

Kuna mama wa Chumbageni aliniletea kiti cha alumini nibadilishe kitambaa. Kwa mbali kilikuwa kizima, kinang'aa. Nilipokisogeza kwenye mwanga nikaona kila ribiti imezungukwa na unga mweupe. Nikagusa kwa ncha ya bisibisi, na bomba likamong'onyoka, tundu likapanuka hadi ribiti ikatoka yenyewe. Alumini haipati kutu nyekundu, kwa hiyo watu huiamini kupita kiasi. Ila ikifungwa kwa ribiti za chuma cha kawaida, na maji ya chumvi yakaingia katikati, alumini ndiyo inayoliwa. Hewa yetu ya pwani imejaa chumvi, hata usipokitia kiti baharini. Kwa hiyo nenda dukani na sumaku. Ikinata kwa nguvu kwenye ribiti za kiti cha alumini, kiache. Unataka ribiti za alumini yenyewe.

Kiti cha chuma nacho sikikatai. Ni kizito, mara nyingi kilo 3 hadi 5, wakati vile vidogo vya alumini vinaweza kuwa na kilo 1 tu. Lakini ukienda Saadani kwa gari uzito huo si kitu, na bomba nene la chuma linavumilia. Kagua tu rangi kwenye mikunjo. Ikiwa imeshachubuka dukani, kutu itaanzia hapo.

Uzito ulioandikwa kwenye kiti, tuseme kilo 100 au 120, ni wa mtu aliyekaa ametulia. Mtu anayejibwaga baada ya safari ndefu anakipiga kiti kwa nguvu zaidi ya hizo. Mimi hushauri iongezwe nafasi ya kilo 30 juu ya uzito wa mtu mkubwa kuliko wote nyumbani.

Starehe haipimwi kwa mto. Nenda na futi. Kimo cha sentimita 40 hadi 45 kutoka chini kinafaa kulia chakula mezani, na ndicho cha kumnunulia bibi au babu. Vile vya chini, sentimita 25 hadi 30, ni vya vijana wa kunyoosha miguu mchangani; mzee akikaa humo atahitaji watu wawili kumwinua. Jaribu kuinuka kwa kusukuma mikono ya kiti. Mikono ya kitambaa kitupu inalegea na haikusaidii chochote. Halafu kaa dakika 15, usione haya. Bomba la mbele likikubana chini ya mapaja, miguu itakufa ganzi usiku wa kwanza wa kambi. Muuzaji akikuharakisha, muage kwa heri uende duka la pili.

Kitambaa nimekiacha mwisho, lakini usikipuuze. Poliesta yenye alama ya 600D, ambayo ni kipimo cha unene wa uzi wake, inatosha watu wengi. Angalia kona nne ambako kitambaa kinashika bomba: kiwe kimekunjwa mara mbili au kutiwa kiraka, na mshono uwe wa mraba wenye msalaba ndani. Mshono mmoja wa mstari hapo hautadumu. Uzi uwe wa poliesta, kwa sababu wa pamba huoza kwa unyevu. Kwa joto la kaskazi chagua mgongo wa wavu, upepo upite. Kwa Amani, ambako usiku una baridi na ukungu, wavu utakutesa. Chukua kitambaa kizima.

Ukirudi kutoka baharini, kioshe kwa maji baridi ya bomba, kikauke kikiwa wazi kivulini, kisha tia tone la mafuta ya cherehani kwenye kila ribiti kabla ya kukirudisha mfukoni. Uzi wa kona ukianza kufumka, kipeleke kwa fundi wiki hiyohiyo. Kiraka cha kona ni kazi ya muda mfupi, lakini kitambaa kikishachanika hadi kwenye bomba, itabidi kikatwe kipya chote.