Jinsi ya kuishi bila ngano katika nyumba ya Pwani

Mdogo wangu alikuwa anachoka mpaka anasinzia huku anamenya viazi. Alimeza vidonge vya kuongeza damu miezi kadhaa na damu haikupanda. Tumbo linajaa, choo hakitulii, uzito unapungua. Daktari wa tatu ndiye aliyempima ugonjwa wa seliaki, ambao utumbo huharibiwa na gluteni (protini iliyomo katika ngano na baadhi ya nafaka), na majibu yakarudi kwamba anao. Mimi kazi yangu ni kupika vitumbua na vyakula vya asubuhi hapa Tanga, kwa hiyo jiko lake likawa mikononi mwangu. Mwaka na nusu sasa. Wiki iliyopita jirani mmoja kapewa majibu kama hayo, nikamwelekeza kwa mdomo hadi usiku. Haya ndiyo niliyomwambia.

Hatua ya 1: Pima kabla hujaacha

Usiache ngano kwanza halafu ndipo uende hospitali. Kipimo cha damu, kinachoitwa tTG-IgA, hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza wakati gluteni ingali inaliwa. Ukishaacha muda mrefu, majibu yanaweza kutoka safi ilhali ugonjwa unao, na daktari atakurudisha kula mkate wiki kadhaa ndipo akupime upya. Baada ya damu, mara nyingi hupitishwa kamera mdomoni hadi kwenye utumbo mwembamba na kuchukuliwa kipande kidogo. Hapo pia uwe bado unakula ngano.

Na kama uchovu wako unatoka kwenye malaria, sukari au damu kupungua kwa sababu nyingine, kuacha chapati hakutakuponya. Nimeona watu wakipoteza muda hapo.

Hatua ya 2: Jua gluteni inakaa wapi

Iko katika ngano, shayiri na rai (nafaka inayofanana na ngano). Mkate, maandazi, chapati, tambi na biskuti unavijua. Ninavyosisitiza ni vile vinavyopita kimya: bokoboko (ni ngano nzima), urojo (uzito wake ni unga wa ngano), kababu na katlesi zenye chenga za mkate, suji, soya sosi, vinywaji vya shayiri, na mvuje wa dukani, ambao mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano. Atta nayo ni ngano. Kuiita ya brauni au ya kienyeji hakubadilishi kitu.

Hatua ya 3: Panga mlo kwa vilivyopo

Wali wa nazi, ugali, muhogo, magimbi, ndizi, viazi vitamu, mbaazi, kunde, samaki, mayai, matunda. Sina zaidi ya kusema hapa, nusu ya chakula chetu iko salama tangu zamani. Mikate ya paketi isiyo na gluteni inayoletwa kutoka nje siipendi: bei yake inaumiza, na nyingi ni wanga mtupu usio na nyuzinyuzi. Pesa hiyo nunua mtama na ulezi.

Hatua ya 4: Unga. Hapa ndipo tulipokwama

Miezi mitatu ya kwanza mdogo wangu hakupata nafuu. Nyumbani hapakuwa na hata punje ya ngano. Nilishuku viungo, nikashuku mafuta, mwisho nikamshuku yeye kwamba anakula mandazi kwa siri. Tuligombana, akalia. Bado linaniuma, maana hakuwa amekula kitu.

Siku moja nimepeleka mahindi mashineni, mbele yangu mama mmoja anasaga ngano. Alipomaliza, mwenye mashine akamimina yangu hapo hapo. Unga wa mwanzo ulitoka na rangi ya krimu, kisha ndipo ukaja mweupe. Nilisimama pale nimeshika ndoo, nikaelewa kwamba miezi yote ile nilikuwa nampikia ugali wenye ngano.

Ndani ya mashine, unga wa aliyetangulia unabaki kwenye nyundo, kwenye chekeche na kwenye ule mfuko wa kitambaa. Kipimo cha kimataifa cha chakula kinachoitwa hakina gluteni ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo, yaani gramu moja katika kilo 50. Unga wa ngano una gluteni karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Kwa hiyo kijiko kikubwa kimoja kinatosha kuharibu karibu gunia zima.

Tunachofanya sasa:

Nanunua nafaka nzima, sinunui unga wa kupima. Sokoni gunia la mtama hukaa ubavuni mwa gunia la ngano na kopo la kuchotea ni moja, basi naomba nifunguliwe gunia jipya, au nanunua kwa mkulima. Nyumbani nachambua kwenye sinia. Punje ya ngano ni ndefu na ina mfereji katikati, mtama ni duara, kwa hiyo inaonekana upesi. Naosha, naanika juu ya shuka safi. Usianike kwenye mkeka uliowahi kuanikiwa ngano.

Nasaga mwenyewe kwa blenda yenye kikombe cha vitu vikavu. Saga kidogo kidogo, mota ikipata moto pumzisha. Nachekecha kwa chekeche jipya. La zamani nimelitoa, maana matundu yake hayasafishiki kwa kuosha.

Wengi huniambia wawahi mashineni alfajiri. Haisaidii, ngano ya jana ingali ndani. Kutanguliza kilo moja ya mahindi ya kusafishia kunapunguza, hakumalizi. Kama huna namna, tafuta mashine isiyosaga ngano kabisa, na uliza kila unapokwenda, kwani mambo hubadilika. Unga wa lishe wa mchanganyiko usiuguse mpaka uutengeneze wewe. Sembe ya paketi, soma maandishi yote uone kama kiwanda kinasaga ngano pia.

Wiki tatu baada ya kubadilisha unga, tumbo likatulia.

Hatua ya 5: Jiko na sinia

Mafuta yaliyokaangiwa sambusa hayakaangii bhajia zake. Mwiko wa mbao, kibao cha kusukumia na chuma cha vitumbua viwe vyake peke yake. Sufuria za kawaida zinaoshwa tu. Kwenye sinia moja, mwenye chapati akichovya kwenye mchuzi, mchuzi wote umeharibika, kwa hiyo mdogo wangu hupakuliwa kwanza kabla mtu hajagusa. Mwanzoni shangazi aliona ni kujitenga. Nilimweleza kuwa ni dawa, na leo yeye ndiye anayempakulia.

Hatua ya 6: Cha kula na chai

Vitumbua: loweka mchele usiku kucha, chuja, saga na tui zito, iliki, sukari na hamira. Wapishi wengine hutia unga wa ngano ili vishikane (ndiyo maana vya barabarani asile). Mimi nasagia kiganja cha wali uliopikwa, vinashikana vizuri kuliko vya ngano.

Chapati za mtama: mwagia unga maji yanayochemka yenye chumvi, songa kwa mwiko, kanda ungali na moto, kandamiza katikati ya mifuko miwili ya nailoni. Ukisukuma kama za ngano zitapasuka.

Hatua ya 7: Subiri, rudi kupima

Nguvu hazirudi kwa siku moja. Gluteni ilikuwa imeharibu vile vijividole vya utumbo vinavyofyonza chakula, ndiyo maana madini ya chuma hayakuingia mwilini. Kwa mtu mzima kupona kwake huweza kupita mwaka. Maziwa yakimsumbua miezi ya mwanzo, yaache kwa muda. Vidonge vya damu endelea navyo mpaka daktari aseme. Damu ya mdogo wangu ilipanda mwezi wa saba, na sasa anakwenda shambani na kurudi kwa miguu.

Wazazi, ndugu na watoto wa mgonjwa nao wapimwe, kwa kuwa takriban mmoja kati ya kumi huwa nao. Mimi nimepimwa, sina. Mtoto wa mdogo wangu tunampeleka mwezi ujao, na mpaka siku hiyo anaendelea kula chapati zake za ngano.