Jinsi ya kufuatilia uchaguzi wa Marekani usiku kucha bila kupotea

Kila uchaguzi wa Marekani ukifika naulizwa swali lilelile na ndugu na marafiki, sasa huyu mbona kapata kura nyingi kuliko mwenzake halafu wanasema kashindwa? Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa karibu kura milioni 2.9 nchi nzima, na bado Trump ndo akaapishwa. Swali la haki kabisa hilo, sisi tumezoea rais anapatikana kwa kujumlisha kura za nchi nzima basi. Nimeona niandike hapa, ili ukiamua kukesha ujue unaangalia nini.

Kwanza tuelewane kwenye neno jimbo, maana wengi wanapotelea hapo. Mtanzania akisikia jimbo anafikiria jimbo la mbunge, Ubungo au Kigoma Mjini, Mkenya yeye anasema eneo bunge. La Marekani ni kubwa zaidi ya hapo, lina katiba yake, gavana wake, bunge lake na mahakama zake, na yako 50. Hayo majimbo ndo yanaendesha uchaguzi wenyewe. Usisubiri mwenyekiti wa tume asimame mbele ya kamera atangaze mshindi kama tulivyozoea huku, hayupo. Kila jimbo lina sheria yake ya kujiandikisha, ya kura za posta, ya saa ya kufunga vituo. Kwa hiyo usiku ule unaangalia chaguzi 51 kwa wakati mmoja, majimbo 50 na mji mkuu Washington, D.C.

Sasa chukua daftari, chora safu mbili, kila mgombea na yake. Mimi hufanya hivyo kila mara na ndo kilichonifundisha kuliko maelezo yote ya kwenye TV. Kila jimbo lina idadi ya wajumbe wanaomchagua rais: unachukua wabunge wake wa Baraza la Wawakilishi, unaongeza maseneta wake 2. California ina 54, Texas 40, Florida 30, Pennsylvania 19, Wyoming 3 tu. Jumla yao, pamoja na 3 wa Washington, D.C., ni 538, anayefika 270 kashinda. Na karibu kila mahali anayeongoza jimbo, hata kwa kura moja, anabeba wajumbe wote wa jimbo hilo, isipokuwa Maine na Nebraska ambao wanaweza kuwagawa. Ndo maana mgombea akishinda California kwa mamilioni ya kura, hayo mamilioni ya ziada hayamsaidii kitu Pennsylvania.

Mfano unaoniuma mpaka leo ni Florida mwaka 2000. Watu karibu milioni 6 walipiga kura pale, George W. Bush akamzidi Al Gore kwa kura 537. Mia tano thelathini na saba! Hao watu unaweza kuwatosheza kwenye ukumbi mmoja wa harusi. Wakarudia kuhesabu, wakabishana kuhusu karatasi za kura za kutoboa ambazo tundu halikutoboka vizuri, mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ikasimamisha hesabu mwezi Desemba, wajumbe 25 wa Florida wakaenda kwa Bush, akamaliza na 271, wakati Gore nchi nzima alikuwa na kura kama nusu milioni zaidi.

Saa za kukesha: mwezi Novemba sisi Afrika Mashariki tuko mbele ya Washington kwa saa 8. Vituo vya kwanza, sehemu kubwa ya Indiana na Kentucky, vinafungwa saa nane usiku kuamkia Jumatano, Georgia saa tisa, Pennsylvania saa kumi, California saa moja asubuhi. Kwa hiyo lala mapema uamke saa tisa. Na usikimbilie kushangilia, maana kura za mwanzo zinadanganya. Mwaka 2020 Pennsylvania sheria yao haikuruhusu bahasha za kura za posta kufunguliwa kabla ya asubuhi ya siku ya uchaguzi, Trump akaanza mbele sana, kisha za posta zikaendelea kuhesabiwa na Biden akapanda, akatangazwa Jumamosi, siku 4 baadaye. Wanaotangaza hapo ni vyombo vya habari kama Associated Press kwa hesabu zao, majimbo yenyewe yanathibitisha rasmi wiki kadhaa mbele.

Halafu tafadhali usizime TV rais akishajulikana. Viti vyote 435 vya Baraza la Wawakilishi vinagombewa kila baada ya miaka 2, na theluthi hivi ya Seneti, na rais asiye na wingi humo atapata shida sana kupitisha sheria na bajeti. Seneti kila jimbo lina 2, California yenye watu karibu milioni 39 sawasawa na Wyoming isiyofika laki 6, hapo mimi naona wadogo wamependelewa mno lakini ndo makubaliano waliyoungania. Januari 2021 Georgia walirudia uchaguzi wa viti viwili vya Seneti kwa sababu Novemba hakuna aliyevuka asilimia 50, Wademokrat, chama cha Biden, wakavichukua vyote, Seneti ikawa 50 kwa 50 na kura ya kuvunja sare ikabaki kwa makamu wa rais, Kamala Harris.

Wagombea wakifungana 269 kwa 269, Baraza la Wawakilishi ndo linachagua rais, na hapo kila jimbo lina kura moja tu. Ikienda kawaida wajumbe wanapiga kura kwenye majimbo yao katikati ya Desemba, Kongresi, yaani Baraza la Wawakilishi na Seneti kwa pamoja, inazihesabu Januari 6, na kiapo ni Januari 20 saa sita mchana ya Washington, kwetu saa mbili usiku, unaangalia huku unakula.