Kabla Hujanunua Mashine ya Kukata Nyasi Mombasa

Mwezi wa tano Mombasa, kila mtu huiona biashara ya nyasi. Ardhi imeshiba mvua ya masika, uwanja uliokatwa Jumamosi ukifika Jumatano ushaanza kuchipua, na vijana wenye mafyekeo wanapita Nyali lango kwa lango wakiuliza kazi. Hapo ndipo mtu hukaa barazani na kalamu: mashine moja, nyumba kadhaa, mikato minne kwa mwezi. Hesabu hiyo ni ya kweli, ila ni ya Mei. Ikifika Februari kaskazi inavuma, jua limekaza, nyasi zimegeuka rangi ya mkeka mkuukuu, na simu hailii.

Kwa hivyo anza na kalenda, hata kabla ya kutafuta jina la biashara. Masika hushika kuanzia Aprili hadi Juni, na Mei ndio mwezi wake mzito. Julai na Agosti kusi huleta manyunyu ya hapa na pale, kisha vuli huja Oktoba na Novemba, mwaka mwingine kwa nguvu na mwingine kama imelazimishwa. Kuanzia Januari hadi katikati ya Machi ni ukavu. Sasa chukua nyumba sita, kila mkato shilingi 1,500 (bei ni ya mfano tu, yako utaipima kwa ukubwa wa uwanja). Mei, kwa mikato minne, unapata 36,000. Februari, kwa mkato mmoja, unapata 9,000, na msaidizi wako anataka kula vilevile. Lakini ukikubaliana na nyumba hizohizo 4,000 kwa mwezi, mwaka mzima, mkononi mna 24,000 iwe mvua iwe jua. Mimi nilianza kwa kulipwa kila mkato kwa sababu niliona haya kuomba mkataba. Nilikula Mei nikafunga Februari, na Ramadhani haikuwa imeingia.

Mwenye nyumba naye atauliza, na ana haki: kiangazi nakulipia nini, na nyasi hazioti? Uwe na jibu kabla hajauliza. Kiangazi kuna kupunguza ua wa michongoma, kuziba viraka, kutengeneza kingo za njia, na zaidi ya yote kuna maji.

Maji ndiyo yatakayokupa wateja au kukunyima, na wengi huyafikiria mwisho. Uwanja wa nyasi ukitaka kubaki kijani wakati wa jua unahitaji kama milimita 25 za maji kwa wiki, yaani lita 25 kwa kila mita mraba. Uwanja mdogo wa mita mraba 200 unakunywa lita 5,000 kila wiki. Hiyo ni mitungi 250 ya lita ishirini! Mombasa maji ya bomba hutoka mbali, Baricho na Mzima, na mitaa mingi huyapata kwa zamu. Wengine wanaishi kwa maboza na visima. Siku ya kwanza kukagua kazi, kabla hujatazama nyasi, uliza maji yanatoka wapi. Kama ni kisima, chota kiganjani uonje kidogo uteme. Visima vingi karibu na bahari vina chumvi, na ukimwagilia nyasi zisizoipenda, utazichoma mwenyewe kisha uambiwe hujui kazi.

Hapo ndipo inabidi ujue unakata nini. Nyasi za Kikuyu, zile nene zinazopendeza Limuru, joto la pwani haziliwezi vizuri, ingawa kila mwaka kuna mtu anazileta kwa gunia kutoka bara. Paspalum huvumilia chumvi. Majani ya Pemba, yale yenye jani pana, huvumilia chumvi na kivuli pia, kwa hivyo ndiyo utakayoyakuta chini ya miembe na kandokando ya hoteli. Halafu kuna ndago. Ndago ukiikata kwa mashine umeinyoa tu. Vijitunguu vyake viko chini na vitachipua kabla ya nyasi. Ing'oe ardhi ikiwa imelowa, kwa uma wa shamba, na mwambie mteja mapema kwamba haiishi kwa siku moja.

Chini ya hizo nyasi kuna jiwe. Sehemu kubwa ya kisiwa na pwani ya kaskazini imekaa juu ya matumbawe, na udongo wenyewe mara nyingi ni shubiri moja au mbili tu, tena wa kuletwa kwa lori. Ukitaka kujua ardhi hii ilivyo ngumu, nenda Haller Park pale Bamburi: lilikuwa shimo tupu la machimbo ya saruji, na kazi ya kulirudishia uhai ilianza mwaka 1971 kwa kujaribu miti mbalimbali, mvinje ukawa miongoni mwa michache iliyokubali. Usimwahidi mtu zulia la kijani kwa mwezi mmoja juu ya ardhi ya aina hiyo. Mwahidi samadi iliyooza vizuri, na subira yake.

Jiwe hilo ndilo lililonipa hasara yangu kubwa. Ilikuwa Tudor, asubuhi ya mwezi wa sita, uwanja umeachwa majuma matatu. Nilivaa mashine ya begani nikaingia moja kwa moja. Kipande cha tumbawe, si kikubwa kuliko kokwa ya tende, kilirushwa na uzi wa naironi, ule unaozunguka na kukata, kikapiga mlango wa kioo wa sebuleni. Hakikutoa mlio wa kuvunjika. Kililia tik, kama ukucha juu ya gilasi, kisha kioo kizima kikajichora utando wa buibui kutoka juu hadi chini, taratibu, mwenye nyumba amesimama upande wa pili na kikombe chake. Kile kioo kilikula faida ya miezi mitatu. Tangu hapo, uwanja napita kwanza kwa miguu na reki, njia nafagia kwa ufagio wa chelewa, gari naomba lisogezwe, na karibu na vioo nakata kwa mkono. Miwani ya kukinga macho na gambuti havina mjadala, hata kwa msaidizi anayesema vinamtia joto.

Baada ya hayo, mashine. Kwa viwanja vya mawe na kingo nyingi, anza na ya begani. Ya kusukuma itafuata ukipata uwanja tambarare. Nyingi za begani hutumia petroli iliyochanganywa na oili, na kipimo kimeandikwa kwenye kitabu chake: kwa moja kwa hamsini ni mililita 20 za oili kwa lita ya petroli, kwa moja kwa ishirini na tano ni 40. Ukikisia, injini itakufa. Kabla ya kulipa, hakikisha kuna fundi mjini mwenye kabureta na plagi za aina hiyo. Mashine ya bei poa isiyo na spea ni pambo. Na usikate zaidi ya theluthi ya urefu wa jani kwa mara moja, hata mteja akikuomba unyoe chini kabisa ili arudi kukuita baada ya muda mrefu. Nyasi iliyonyolewa kipara haivumilii jua la saa sita.

Karatasi hazichukui muda: jina la biashara kupitia eCitizen, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), kibali cha biashara cha kaunti. Angalia tu mipaka. Ukivuka daraja la Mtwapa umeingia Kilifi, ukivuka feri ya Likoni ukaendelea hadi Diani umeingia Kwale, na kibali cha Mombasa hakikutetei huko. Hoteli na wasimamizi wa nyumba watataka ankara ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Bila hiyo utabaki na nyumba za watu binafsi. Ukiongeza kupiga dawa ya magugu, tumia tu iliyo na nambari ya PCPB, bodi inayosajili dawa za wadudu na magugu, kwenye chupa, na nyasi za uwanja huo usimpe mfugaji.

Kwa sababu wafugaji watakuja. Takataka za kijani huwa nyingi kuliko unavyodhani, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, kwa hivyo nunua magunia. Zile safi mwenye mbuzi atazichukua na kukushukuru. Zilizobaki panga bei ya tuktuk tangu mwanzo, kwenye mkataba, la sivyo utailipa wewe.

Andika pia ambacho hufanyi. Mteja wa Mombasa akikuona na mashine hukuonyesha mnazi: "Na hayo madafu, utuangushie tu." Mnazi una mkwezi wake. Mwitie, alipwe yeye, na wewe usikate nyasi chini akiwa juu.

Kazi ianze saa moja asubuhi na iishe kabla ya saa tano. Mapema kuliko hapo mlinzi atakurudisha langoni kwa sababu ya kelele, na baada yake jua halina huruma. Mwezi wa Ramadhani punguza nyumba za siku, na Ijumaa usiweke kazi ya mchana. Wenye nyumba wanaoishi Nairobi au ng'ambo wapigie Oktoba, si Desemba. Kati ya Oktoba na Krismasi kuna vuli moja ya kukusaidia kuufufua uwanja. Akikupigia tarehe 18 Desemba kwamba familia inatua kesho, kilichobaki ni kufagia na kumwagilia.