Kipimo cha troponini: anza na saa, namba baadaye

Mgonjwa kaja na maumivu ya kifua yanayobana, jasho linamtoka. Maabara yenu ina kipimo cha troponini, protini ya msuli wa moyo. Fuata hivi.

1. ECG (mchoro wa umeme wa moyo) kwanza, ndani ya dakika 10 tangu afike. Ikionyesha sehemu ya mchoro iitwayo ST imepanda, dalili ya mshipa wa moyo kuziba, usisubiri damu. Anza matibabu au rufaa.

2. Uliza maumivu yalianza lini, uandike kwenye fomu. Sisi wa maabara tunaulilia mstari huu, na ndio unaoachwa wazi. Andika 14:00, usiandike "saa 8", maana wa zamu ya pili ataisoma saa 8 ya kwenye simu yake. Troponini hukaa ndani ya msuli wa moyo. Seli zikifa ndipo inapomwagika kwenye damu, na vipimo vya kawaida huanza kuiona baada ya saa 3 hadi 6. Aliyeanza kuumwa muda mfupi uliopita akipata jibu hasi, bado hujajua kitu.

3. Toa damu bila kuvuta sirinji kwa nguvu. Plazma (majimaji ya damu) ikija nyekundu kama juisi ya rozela, seli nyekundu za damu zimepasuka, toa nyingine.

4. Jua kipimo chako. Kaseti nyingi za haraka (vipimo vidogo vya plastiki vinavyojibu kwa mstari) huchora mstari troponini I ikifika 0.5 ng/ml, yaani nanogramu 500 kwa lita. Mwenye 200 ataambiwa hana kitu, ilhali mashine zenye unyeti wa juu zinaona hata chini ya 20. Mstari hafifu nao ni mstari, mradi umesomwa ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Kaseti iliyosahaulika mezani usiisome.

5. Rudia, kwa kipimo kilekile: kaseti baada ya saa 6 hivi, unyeti wa juu baada ya saa 1 hadi 3. Hapa ndipo jibu lilipo. Mgonjwa wa figo wa miaka mingi akitoka 40 kwenda 41, huenda ndiyo hali yake ya kila siku. Akitoka 40 kwenda 95, moyo unaumia sasa hivi. Bado si lazima iwe mshipa umeziba: damu iliyoganda kwenye mapafu, sepsisi (maambukizi makali yanayodhuru mwili mzima) na uvimbe wa msuli wa moyo (myocarditis) hupandisha vilevile, kwa hiyo rudi kwenye ECG na maelezo ya mgonjwa.

6. Mkiwa na CK-MB, kimeng'enya cha msuli wa moyo, haiongezi mengi. AST, kimeng'enya kilichomo kwenye moyo na ini, kilichoanza kutumika kwa kazi hii mwaka 1954, kifuteni kabisa kwenye fomu ya moyo. Ini likiumwa nacho kinapanda.